Unainua gari lako kukwepa tope la mbuga? Magari ya mbio yana somo kwako

Bariadi. Mvua zikianza Simiyu, udongo mweusi wa mbuga hauna huruma na gari dogo. Kiangazi ulikuwa mgumu na umepasuka nyufa, lakini ukilowa unavimba, unateleza na kunasa tairi kama gundi. Ukiacha barabara kuu ya lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, ukaingia njia za vijijini Itilima, Meatu au Busega, gari la chini linaburuta tumbo.

Suluhisho ambalo wenye magari wengi hulikimbilia ni moja: kuinua. Fundi anaweka spesa juu ya shokapu, au anabadilisha springi kwa ndefu zaidi, gari linapanda sentimita kadhaa na siku hiyohiyo mwenye gari anarudi barabarani akiwa na furaha.

Shida inakuja baadaye. Tairi jipya linaisha upande mmoja. Usukani unatetemeka. Gari likikanyaga shimo linajikata lenyewe kulia au kushoto. Ikitokea bahati mbaya zaidi, boljointi inachomoka na tairi linalala chini ya gari.

Magari ya mbio, hasa yale ya rali, nayo huinuliwa ili yapite kwenye mashimo na mawe. Lakini wanaoyatengeneza hawaishii kwenye springi na shokapu. Wanabadilisha pia kipande ambacho gereji nyingi za mtaani hazikigusi, na wanapima pembe zote upya. Hapo ndipo kuna somo kwa mtu wa Bariadi mwenye Probox, IST, Raum au Noah.

Kipande chenyewe ni kipi?

Ukilitoa tairi la mbele na kuangalia ndani, utaona chuma kizito kimesimama wima kati ya shokapu na mkono wa chini. Hicho ndicho kinachobeba beringi, habu na breki. Mafundi hukiita steringi nako, au nako tu kwa kifupi.

Kwenye magari mengi madogo yanayotembea Simiyu, nako imeshikwa sehemu tatu. Juu imefungwa kwa bolti kwenye shokapu. Chini imekaa kwenye boljointi, ambayo iko mwisho wa mkono wa chini. Pembeni inashikwa na tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye usukani.

Sehemu hizo tatu ndizo zinazoamua tairi lielekee wapi kila gari linapopanda na kushuka. Mafundi wa mbio huita mpangilio huo jiometri ya gari. Una vipimo vitatu vikubwa.

Kemba ni mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele. Juu ya tairi inaweza kuegemea ndani au nje.

Too ni mwelekeo wa tairi ukilitazama gari kutoka juu. Tairi mbili za mbele zinaweza kutazamana kidogo kama vidole vya mtu anayetembea miguu ndani, au kuachana.

Kasta ni mwegemeo wa nguzo ya usukani ukilitazama gari kwa ubavuni. Ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kukata kona.

Kiwandani vipimo hivi vimepangwa kwa urefu fulani wa gari kutoka ardhini. Ukibadilisha urefu, vyote vinahama, hata kama hujagusa bolti nyingine yoyote.

Sentimita 5 za pili si sawa na za kwanza

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkono wa chini una urefu wa sentimita 35 na umelala sawa na ardhi. Ukiinua bodi kwa sentimita 5, mkono unainama na ncha yake inavutwa ndani kwa milimita 3 hadi 4 hivi. Hiyo ni kidogo, fundi anaweza kuirekebisha.

Sasa ongeza sentimita 5 nyingine. Safari hii ncha haivutwi milimita 3 au 4 tena. Inavutwa milimita 11 zaidi, yaani mara tatu ya mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu ncha ya mkono inatembea kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Kadiri mkono unavyozidi kuinama, ndivyo kila sentimita ya kwenda chini inavyoivuta ndani zaidi.

Magari mengi hutoka kiwandani mkono ukiwa tayari umeinama kidogo kuelekea chini. Kwa hiyo mwenye gari anayeongeza spesa mara nyingi anaanzia sehemu ile mbaya ya hesabu.

Ncha ya chini ikivutwa ndani huku juu pamefungwa palepale, tairi linaegemea nje kwa juu. Kemba imeharibika. Tairi linakanyaga kwa ukingo wa nje, na huo ndio unaoisha kwanza. Wakati huohuo miguu ya gari imesogea ndani na bodi imepanda juu. Gari limekuwa refu na jembamba kwa pamoja, na gari la namna hiyo hupinduka kirahisi zaidi dereva akikwepa ng'ombe ghafla.

Kuna na boljointi. Imetengenezwa izunguke ndani ya nafasi yake maalumu. Mkono ukiinama sana, boljointi inakaa karibu na mwisho wa nafasi hiyo muda wote. Tairi likiingia shimoni na kuning'inia, haina pa kwenda tena. Inagonga, inalegea, mpira wake unachanika, vumbi na tope vinaingia. Jointi za shafti za mbele nazo zinateseka hivyohivyo, na ndipo unaanza kusikia mlio wa ka-ka-ka ukikata kona.

Kwa nini gari linajikata lenyewe?

Hili ndilo tatizo ambalo madereva wengi hulalamikia bila kujua linatoka wapi. Unaendesha umenyoosha usukani, gari linapita kwenye tuta au shimo, ghafla linachepuka.

Sababu ni mkono wa chini na tairodi. Vyote viwili vinashika nako, na vyote vinazunguka tairi linapopanda na kushuka. Kiwandani vimepangwa vizunguke kwa kufuatana, kama watu wawili wanaobeba kitanda na kupanda ngazi kwa mwendo mmoja. Mmoja akitangulia, kitanda kinapinda.

Ukiinua gari bila mpango, mikono hiyo miwili inaacha kufuatana. Tairi likipanda kwenye tuta, tairodi inavuta au kusukuma nako, na tairi linageuka bila dereva kugusa chochote. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni kero tu. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, lori likiwa linakuja mbele, ni suala la maisha na kifo.

Magari ya mbio yanafanyaje?

Mafundi wa mbio huanza na swali tofauti. Badala ya kuuliza gari lipande kiasi gani, wanauliza tairi lisafiri kiasi gani juu na chini, na likisafiri libaki linatazama mbele. Baada ya hapo wanatengeneza nako inayofaa safari hiyo.

Kwenye nako mpya wanaweza kuhamisha tundu la boljointi liende chini zaidi au juu zaidi. Wanaweza kuhamisha mahali tairodi inapofungwa ili irudi kufuatana na mkono wa chini. Wanaweka beringi kubwa zaidi na sehemu ya kufunga breki kubwa zaidi. Mara nyingi wanarefusha na mkono wenyewe.

Urefu wa mkono una faida ambayo hesabu inaionyesha wazi. Mkono wa sentimita 35 ukisafiri sentimita 10 kutoka usawa, unainama kama nyuzi 16 na nusu. Mkono wa sentimita 45 kwa safari ileile unainama chini ya nyuzi 13. Boljointi inapumua, na tairi linabaki limesimama vizuri zaidi.

Kisha wanapima. Wanatoa springi, wanapandisha tairi kwa jeki sentimita moja moja, na kila hatua wanaangalia kama tairi limegeuka. Likigeuka, wanahamisha tairodi kidogo na kuanza upya hadi litulie. Ni kazi ya uvumilivu. Haihitaji kompyuta, ila haina njia ya mkato.

Uzito nao unahesabika. Nako, habu, breki na tairi havibebwi na springi. Vikiwa vizito, tairi linachelewa kushuka baada ya tuta na linakosa mshiko. Ndiyo maana magari ya mbio za lami hutumia nako za aluminiamu. Kwenye rali uimara unatangulia, kwa sababu nako nyepesi iliyovunjika porini haina faida.

Afrika Mashariki inalijua hili tangu 1953

Safari Rally ilianza mwaka 1953 na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa rali inayovunja magari kuliko nyingine zote. Mwaka 1963 yaliyomaliza yalikuwa magari saba tu, na mwaka 1968 ikawa saba tena.

Tanzania ina sehemu yake kwenye historia hiyo. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari ambalo watu walilitumia kama gari la familia na la kazi. Sifa yake kubwa kwenye barabara mbovu ilikuwa uimara.

Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kutokuwepo tangu 2002, somo lilikuwa lilelile. Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa anaongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, kule Naivasha. Shokapu ya nyuma ikafeli, mbio zake zikaishia hapo na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Hiyo ni timu ya kiwanda yenye wahandisi na vipuri vya kutosha. Barabara ya vumbi na mawe haikujali.

Hata sheria zinaweka mipaka. Magari ya daraja la juu la rali ya dunia, yaliyoanza kutumika mwaka 2022, yamewekewa kikomo cha tairi kusafiri juu na chini kisichozidi milimita 270. Ndani ya milimita hizo, kila kipande kimepangwa kufanya kazi na mwenzake.

Na wale wanaoshusha gari?

Wapo pia vijana wanaopenda gari likae chini, ligande barabarani kama la mashindano. Hapa napo kuna mtego.

Ukishusha gari la kawaida, mkono wa chini unalala au unaanza kutazama juu. Uzito wa bodi unashuka kidogo, lakini kile kitovu ambacho bodi hulalia ikikata kona kinashuka zaidi. Nafasi kati ya viwili hivyo inaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kuinama. Matokeo yake, gari lililoshushwa kwa kukata springi linaweza kuyumba kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla.

Magari ya mbio hutibu hilo kwa nako ambayo boljointi yake imeshushwa, au boljointi yenye shina refu. Mkono unarudi kwenye pembe nzuri ingawa gari liko chini. Anayekata springi peke yake anapata muonekano tu.

Usichomelee nako

Hili lisisitizwe, kwa sababu linahusu roho za watu. Mtu akiona kwamba magari ya mbio yana nako zilizotengenezwa upya, anaweza kushawishika kumwambia fundi akate nako ya zamani, aongeze kipande na kuchomelea.

Nako nyingi za kiwandani ni chuma cha kumimina au cha kufua. Ukichomelea chuma cha kumimina bila utaratibu wake maalumu, eneo la pembeni mwa weldi linapoa haraka na kuwa gumu lakini linalokatika, kama kikombe cha udongo. Kwa macho linaonekana safi. Ufa unaanza ndani na kukua kidogo kidogo kila gari linapopiga shimo.

Nako za kuchomelewa zipo kwenye mbio, ila zinatengenezwa kwa bamba za chuma kilichochaguliwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, na zinakaguliwa nyufa mara kwa mara. Gari la abiria halipati ukaguzi wa namna hiyo.

Nako yako ikipinda au kupasuka, badilisha. Vivyo hivyo kwa mkono wa chini.

Hesabu ya tairi: Bariadi hadi Lamadi

Kuna wanaosema alaimenti ni kupoteza hela. Tuangalie.

Bariadi hadi Lamadi ni kama kilomita 72 za lami. Tuseme tairi moja la mbele limegeuka nyuzi 1 tu kutoka kwenye mwelekeo wake. Jicho haliwezi kuona. Lakini kwa kila kilomita moja, tairi hilo linaburuzwa kwa ubavu kama mita 17 na nusu.

Zidisha kwa 72. Ukifika Lamadi, tairi limeburuzwa kwa ubavu zaidi ya kilomita 1 na robo. Ukirudi Bariadi jioni, imekuwa kilomita 2 na nusu. Kwa gari la abiria, zile zinazoitwa michomoko, zinazokwenda na kurudi kila siku, unaweza kupiga mwenyewe hesabu ya mwezi. Mafuta nayo yanaliwa humohumo, kwa sababu injini ndiyo inayoliburuza.

Unaweza kupima kwa uzi

Habari njema ni kwamba kipimo cha too hakihitaji lazima mashine. Timu za mbio bado hutumia uzi wakiwa uwanjani. Utaratibu ni huu.

1. Egesha gari sehemu tambarare, jaza upepo sawa, nyoosha usukani.

2. Funga nyuzi mbili kwenye stendi, moja kila upande wa gari, kwa kimo cha katikati ya tairi.

3. Hakikisha umbali kati ya nyuzi hizo ni uleule mbele na nyuma ya gari, na gari liko katikati yake.

4. Kwa rula, pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyohiyo.

5. Vipimo viwili vikilingana, tairi limenyooka. Cha mbele kikiwa kikubwa, tairi linatazama ndani. Cha nyuma kikiwa kikubwa, linatazama nje.

Kwa rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 6 ni kama nyuzi 1. Magari mengi madogo yanatakiwa yawe karibu na sifuri, lakini kipimo sahihi ni cha kitabu cha gari lako. Uzi hautakupa kemba na kasta kwa uhakika. Kwa hizo, tafuta gereji yenye mashine.

Kabla ya kuruhusu spesa, uliza haya

Je, tatizo ni urefu au ni springi zilizochoka? Gari lililobeba mizigo miaka mingi huwa limekaa chini kwa sababu springi zimelala. Springi mpya za kiwango chake zinaweza kurudisha sentimita ulizokuwa unazitafuta, na jiometri inabaki ileile.

Spesa ina unene gani? Kidogo kinarekebishika. Ukitaka kupanda sana, fremu ndogo inayoshika mikono ya chini nayo ishushwe kwa kiasi hichohicho, ili mikono irudi kwenye pembe yake. Fundi asiyelitaja hilo, muulize.

Boljointi, tairodi na bushi ziko salama? Pandisha tairi kwa jeki, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, angalia beringi na boljointi. Shika kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, angalia tairodi.

Alaimenti itafanyika lini? Jibu sahihi ni siku hiyohiyo, kabla gari halijabeba abiria. Baada ya wiki kadhaa za barabara ya vumbi, ikaguliwe tena.

Gari linabeba nini? Msimu wa pamba, gari dogo lililoinuliwa, lililojaa watu na mizigo juu ya paa, ni gari jingine kabisa. Uzito umepanda juu, miguu imesogea ndani na boljointi zinafanya kazi zikiwa zimepinda.

Kama jibu la swali lolote kati ya hayo ni "tutaona mbele", gari hilo libaki na urefu wake wa kiwandani, na njia ya mbuga isubiri ikauke.